Trei Saba

Miezi kumi na mmoja nilikilea kitu hiki
chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kwa kompyuta iliyong'oka herufi K.
Kila nilipoihitaji niliikopa kutoka neno jingine,
kama mtu aombaye chumvi kwa jirani
na kila siku akasahau kununua yake.

Baiskeli. Nyuma, trei saba za mayai.
Kutoka Pongwe hadi Soko la Mgandini:
mashimo, mbuzi, lori la katani,
na wewe una kidole kimoja tu juu ya kioo.
Rahisi kusema.
Wingu la mwanzo pekee lilinila wiki tatu,
nalichora, nalifuta, nalichora,
na hajatokea hadi leo wa kuniuliza habari za wingu.

Shemdoe ndiye fundi wa sauti.
Yai lipasukapo, ile ni biskuti
aliyoivunja kwenye kikombe usiku umeme ulipokatika.

Alhamisi tukauachia.
Akaja na halua, tukakaa tunatazama namba.
Adhuhuri, watu arobaini na watatu.
Isha, wamebaki tisa.
Mji wetu una msemo, waja leo, waondoka leo,
tumezoea kuwachekea nao wageni.
Usiku ule ulitugeukia wenyeji,
na halua ikakaa na nzi wake.

Nyota moja, na chini yake: "Limejaza simu yangu."
Kweli tupu. Megabaiti mia na tisini!
Bando la shilingi mia tano halifiki hata mlangoni.
Nami nilijaribia simu moja, yangu,
ile aliyoniletea kaka kutoka Maskati,
simu isiyojua kuganda wala kupata moto.
Nilikuwa mpishi anayeonja kwa ulimi wake
halafu anashangaa wageni wanakunywa maji.

Tukatoa muziki. Tukatoa wingu.
Wingu lilipotoka, mchezo ukapumua.
Mbuzi mmoja alinasa angani juu ya Majani Mapana,
kosa langu, sikulipata lilipo.
Watoto wa Makorora walimpenda huyo
kuliko vyote nilivyovikusudia. Tukamwacha.

Kisha nikampelekea Mwanakombo, muuza mayai hasa.
Alicheza amesimama, huku anarudisha chenji.
Akaanguka mara sita mteremko wa Kange,
hakununa, aliuliza tu:
"Mwanatumu, kitufe cha kushuka kiko wapi?"
Kushuka?
"Mwenye trei saba hateremki juu ya baiskeli.
Anashuka. Anaikokota."

Miezi kumi na mmoja nimefundisha chuma kukimbia,
sikumuuliza mbeba mayai anaogopa nini.
Kitufe chenyewe kilichukua siku moja na nusu.

Malipo ya matangazo, mwezi wa kwanza:
shilingi elfu moja mia nane na sabini,
nayo haitoki mpaka ipate wenzake wengi.
Shemdoe anasema mali tunayo,
ila imefungwa, tunaruhusiwa kuitazama.

Leo wamebaki kumi na wawili.
Mmoja, simjui, huingia saa tisa za usiku.
Hapandi kabisa.
Tangu Pongwe anaikokota ile baiskeli,
dakika arobaini, anapisha mbuzi, anapisha lori,
anasimama kidogo chini ya yule wa angani,
anafika sokoni na mayai yote, mia mbili na kumi.
Na mchezo wangu unamwandikia sifuri,
maana nilijua kuhesabu mbio tu.

Nimeifungua kompyuta.
Ni mstari mmoja wa kurekebisha, una K mbili.
Ya kwanza naikopa kutoka neno kushuka.
Ya pili pia.